Sifuri ya Mshirika Wangu

Jana usiku tulicheza mchezo wa karata wa Spades, wawili kwa wawili, na hadi sasa bado nauwaza mgao mmoja tu. Kanuni zenyewe si nyingi: kila mchezaji hupewa karata 13, shupaza ndiyo turufu (aina inayoshinda aina nyingine zote) daima, na kabla ya karata ya kwanza kushuka kila mmoja hutaja idadi ya mizunguko anayotarajia kula, yaani kushinda. Tulikuwa na pointi 410 dhidi ya 445 za wapinzani, mchezo ukiishia 500, mshirika wangu alipotangaza sifuri, yaani hatakula hata mzunguko mmoja. Akifaulu tunaongezewa pointi 100, akishindwa tunakatwa 100. Mimi nikatangaza tano.

Kuanzia hapo kazi yangu, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko yake ingawa sifa zote humwendea yeye, ilikuwa kumfunika, yaani kuweka karata kubwa kuliko yake ili asile mzunguko. Katikati ya mgao, mpinzani wa kushoto kwangu aliteremsha tisa ya kopa, na mshirika wangu, ambaye kopa pekee iliyombakia ilikuwa bibi, akalazimika kuiweka huku akikwepa macho yangu, kwa kuwa kuashiriana hakuruhusiwi. Wa kulia akatupa nne. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na ree ya kopa nilikuwa nimeibana tangu mwanzo kwa ajili ya balaa kama hilo, basi nikaifunika bibi yake na kuula mzunguko ule. Iliyobaki ilipita haraka, nami nikatimiza tano yangu kwa shupaza. Wapinzani wakadai karata zichangwe upya papo hapo.