Siku moja na maji ya mita 900

Saa 11 alfajiri. Ninapokunja mswala hapa Kona, Hawaii, kwetu Jambiani, Zanzibar, watu wanajiandaa na magharibi. Tunapishana saa 13, kwa hiyo sauti ya kwanza ninayoisikia kila siku ni ya mama anayefunga siku yake. Leo amerikodi akiwa jikoni, sufuria zinagongana: bamvua limeanza, ameshinda pwani, na cottonii, aina ya mwani aliyoifunga mwezi uliopita, imelainika, inakatika kwenye tai-tai, vile vikamba vya kufungia. Spinosum, mwani wa aina nyingine, ndiyo iliyosalia. "Maji ya moto, mwanangu. Hayo maji yenu ya baridi hayaletwi huku?"

Ananiuliza hivyo kila bamvua, na kila bamvua namjibu nusu nusu.

Saa 12 na robo. Nimefika kazini, shamba linalofuga konokono wa bahari kwa maji yanayovutwa kutoka kilindini. Rasi ya Keahole iko pembeni mwa uwanja wa ndege: jiwe jeusi la volkano mpaka ufukweni, mvua ya kuhesabu. Jimbo lilianzisha hapa maabara ya nishati asilia mwaka 1974, na leo ni mtaa mzima wa mashamba yanayochota maji kwenye mabomba yale yale. Bomba kubwa ni la plastiki, upana wake mita 1.4, linateremka baharini hadi kina cha karibu mita 900. Maji yanafika juu yakiwa na nyuzi tano au sita, wakati ya juu ya bahari ni 25 na zaidi.

Kila asubuhi huanza kwa kuliwekea kiganja bomba letu la kuingizia. Limelowa jasho tupu, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Zamani palikuwa na mzee mmoja hapa, John Craven, aliyepitisha mabomba baridi chini ya udongo na kukuza mboga na matunda kwa unyevu wa jasho hilo hilo. Nikisikia jasho mkononi najua maji yanakuja.

Saa 1 asubuhi. Maji yanakuja, hewa haiji. Tangi namba sita, abaloni wamepanda ukutani mpaka usawa wa maji, wengine gamba limeshatoka nje ya maji. Kwa wasiowajua: ni konokono wa bahari, gamba moja, bei yake ya kutisha. Wakipanda hivyo wanatafuta pumzi. Nimetia kipimo: oksijeni miligramu mbili na kidogo kwa lita.

Wageni huwa hawaamini jambo hili. Maji ya kilindini ni safi na yamejaa virutubisho, naitreti na fosfeti ambazo juu ya bahari ya hapa karibu hazipo kabisa, lakini oksijeni yamekwisha kuimaliza huko chini. Kila kinachozama kutoka juu huozea kule, na kinapooza kinaacha mbolea na kula hewa. Kwa hiyo tukiyapandisha ni lazima tuyapulizie kwanza. Usiku kipulizio cha tangi sita kimejizima. Swichi yake imeliwa na chumvi, mguu mmoja umekuwa unga wa kijani.

Nimefungulia maji ya juu, ambayo yana hewa lakini ni ya moto. Ndani ya dakika 20 tangi limetoka nyuzi 15 hadi 19. Hapo unachagua: wakose pumzi au waungue polepole. Anko amekuja na kipulizio cha akiba begani. Mtu mzima yeyote huku ni anko, kama kwetu ami, na huyu ameyafanyia kazi mabomba haya tangu mimi sijazaliwa. Tumepoteza kumi na wanne. Bosi amehesabu magamba bila kusema neno, afadhali angetukana.

Saa 4. Upande wa mwani. Huu ni mwekundu, unaitwa dulse, chakula cha abaloni. Unazunguka ndani ya matangi kwa nguvu ya hewa, haufungwi kamba wala vigingi. Mama nilipomtumia video alicheka: "Huo mwani wa kwenye karai." Lakini unakua haraka, na mbolea yake ni hayo maji tu. Nimepima pH, kipimo cha uchachu, ya maji yanayoingia: 7.6. Yanapanda na kaboni yake pia, inayoyatia uchachu, jambo ambalo wanaotangaza kuipoza dunia kwa mabomba ya kupandisha maji ya kilindini huwa wanalipita mbio.

Saa 6 mchana. Wanafunzi wamekuja kutembea. Swali la kwanza ni lile lile: kunyanyua maji kutoka mita 900 si umeme wa mji mzima? Anko hajibu kwa maneno. Huchukua bomba jembamba linaloonyesha ndani, hulizamisha wima kwenye pipa. Maji hupanda yenyewe ndani ya bomba, husimama usawa na ya nje. "Sasa pampu inyanyue nini?" Bahari yenyewe imeshayafikisha karibu na juu. Pampu inalipia msuguano wa bomba refu, na uzito kidogo uliozidi kwa sababu ya baridi, basi. Kazi kubwa inaanza maji yakishafika nchi kavu na kusambazwa mashambani.

Nikawaonyesha ulipo mtambo wa umeme wa joto la bahari, kilowati 105, ulioungwa kwenye gridi Agosti 2015. Maji ya juu yanachemsha amonia, mvuke unazungusha turbini, maji ya chini yanaugeuza tena kuwa kimiminika. Hamna moshi. Tatizo nyuzi 20 za tofauti ni kidogo, na sehemu nzuri ya umeme inarudi kuzungusha pampu zake. Mwaka 1979 tishari la majaribio nje ya rasi hii lilizalisha kilowati 50 hivi, zikabaki kama 15.

Saa 8. Jua kali, paneli za bandani zimeshiba. Saa kama hizi tunajaza tangi la juu mpaka ukingoni ili usiku pampu zetu ndogo zipumzike. Hakuna jimbo la Marekani lenye umeme ghali kama Hawaii, na huku hakuna luku ya kukukatia mapema. Bili inakuja mwisho wa mwezi, unakaa chini kabla ya kuifungua.

Saa 10 jioni. Nimemwandikia mama jibu refu, safari hii lote. Nimemwambia kati ya Pemba na bara kuna kina cha mita 800 hivi, kwa hiyo maji ya baridi hayako mbali na kwetu, na kaskazi ikivuma bahari yenyewe huyapandisha kidogo pale, dagaa wakafuata. Nimemwambia mwaka 2008, kaskazini ya Oahu, watafiti walining'iniza bomba la mita 300 chini ya boya. Wimbi likinyanyua boya, vali ya chini inajifunga na maji yanapanda nalo. Boya likishuka inafunguka. Hakuna mafuta wala jua. Yalipanda mita za ujazo 45 kwa saa, kwa saa 17, kisha vifaa vikakatika.

Na hata visingekatika, maji ya baridi ni mazito. Yamwage juu ya bahari wazi, yanaanza kuzama tena, na mbolea yake inateremka nayo. Sisi hapa tunafanikiwa kwa sababu tangi lina sakafu. Jambiani mwani uko wazi, maji kupwa na maji kujaa yanapita mara mbili kwa siku. Kumwaga maji baridi pale ni kutia barafu mtoni. Kama ningepewa fedha ningeanza na tangi la mbegu za cottonii ufukweni, paneli chache juu yake, nione mbegu zitavuka miezi ya joto au la.

Saa 2 usiku. Tangi sita lina nyuzi 15, oksijeni saba. Nimempigia mama, simu inaita tu. Kule ni saa tatu asubuhi, yumo majini. Baada ya saa nzima imeingia picha: kile kipimajoto nilichomtumia mwezi wa Ramadhani, kimefungwa kwa tai-tai kwenye kigingi, mwani umekizunguka. Kinasoma 33. Chini ameandika: "Tangi kubwa kiasi gani?"