Sitaha ya faiba ikianza kubonyea, amua rangi kwanza

Watu wakija kuniuliza habari za sitaha ya boti ya faiba iliyochakaa, swali la kwanza huwa rangi, nipake nyeupe ama samawati, na mafundi huwacheka. Mimi siwacheki. Yaani rangi ndo inaamua ununue resini gani, ile gundi ya majimaji inayogandisha faiba, poliesta, vinailesta ama epoksi, sema tu suala si nyeupe ama samawati, suala ni jelikoti, ile ngozi ngumu ya rangi ambayo boti mpya hutoka nayo, ama rangi ya kawaida ya kupaka, na hapo ndo pesa za wengi huku Lamu zinapoteleza baharini.

Iko hivi. Jelikoti inashika juu ya poliesta kwa sababu yenyewe ni poliesta. Juu ya epoksi inashika kwa kusuasua na mara nyingine inabaki inanata haikauki. Kwa hivyo ukitaka jelikoti juu, nenda na poliesta ama vinailesta toka chini. Ukitaka rangi ya kupaka, chukua epoksi, inang'ang'ania faiba ya zamani kushinda poliesta, hainywei sana ikikauka na maji hayaipiti kirahisi. Adui yake ni jua tu, ukiiacha wazi inageuka njano kisha unga unga, lazima uifunike.

Kwa boti za hapa, za abiria wa Mokowe na za watalii wa Shela, mimi nasema epoksi na rangi. Jelikoti boti ikitoka kwenye moldi, yaani kalibu yake, ni raha kuiangalia, lakini kiraka cha jelikoti juu ya sitaha iliyopigwa jua miaka na miaka hakifanani hata uchanganye mpaka alasiri iadhiniwe, halafu ukiipaka kwa brashi haikauki juu mpaka uitie nta ama uifunike isipate hewa. Rangi ya polyurethane, ile ya mikebe miwili, ikichunika unapiga msasa unarudia, kwisha. Ila hadna yake, ile dawa ya kuigandisha, ina isosianeti, kemikali inayoumiza mapafu, kwa hivyo paka kwa brashi na rola mahali pa upepo. Kuipuliza kwa mashine huku umejifunga leso puani ni wazimu.

Sasa hiyo yote ni ya juu. Sitaha si faiba tupu, kuna ngozi ya juu, ngozi ya chini, na katikati plaiwudi ama balsa, ule mti mwepesi, ama povu gumu, na maji yanaingilia kwenye matundu ya skrubu. Chukua mpini wa nyundo ugongegonge taratibu, pazima panalia kavu, ko ko, palipooza panalia bu. Boti moja ya ami wa Langoni tuliikata mbele karibu na chuma cha kufungia kamba, plaiwudi ikatoka nyeusi, unaimega kwa vidole tabaka tabaka na maji yanachuruzika, harufu ni ya matope ya mikoko maji yakipwa. Fundi aliyetangulia alijaza bodi fila, ile lipu ya kuzibia bodi za gari, kwenye ufa akapaka juu, basi.

"Si upige mati mbili za faiba juu mwanangu, msimu wa wageni huu."
"Ami, utapata ngozi nene, chini yake uji."

Akakubali, shingo upande.

Ukishatoa uozo, suuza kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kabla ya kukausha, manake chumvi ikibaki inavuta unyevu kila siku na hapakauki ng'o. Kaskazi ndo wakati wake, mvua za Aprili na Mei ni kujitesa. Cha kurudishia katikati, povu lisilonyonya maji ndilo bora kama unalipata, haliozi hata skrubu zikivuja. Mimi mara nyingi natumia plaiwudi ya baharini, nainywesha epoksi pande zote mpaka kwenye kingo. Na pale panapokaa chuma toboa tundu kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi nzito, ikikauka toboa tena tundu la size yake katikati. Hapo skrubu haigusi mbao kabisa. Kazi ya kuudhi hii, na ndiyo inayookoa sitaha nzima.

Kingo za faiba ya zamani zisage ziwe mteremko, mara 12 ya unene wake, yaani ngozi ya milimita 3 unaisaga kama sentimita 4 kuzunguka. Mati ile ya nyuzi zilizotawanywa waachie poliesta, gundi yake inayeyushwa na staireni, kemikali iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina, kwa epoksi tumia kitambaa cha kufumwa.

Joto nalo linaharakisha resini kuganda. Poliesta unaweza kupunguza hadna kidogo, asilimia 1 badala ya 2, epoksi usithubutu, kipimo chake ni kile kile cha mkebe. Ukiiacha kwenye kikombe kirefu saa sita mchana inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi na kikombe kinapinda, kwa hivyo imwage kwenye sahani pana, na fanya kazi asubuhi. Ikikauka mara nyingi huwa na utelezi juu kama nta, uoshe kwa maji na dodoki la plastiki kabla ya msasa, ama rangi itabanduka.

Ya kukanyagia, kumbuka watu hapa wanapanda boti pekupeku. Samawati iliyokolea mchana inachoma nyayo, nyeupe pe inaumiza macho, kijivu hafifu ama krimu ndo sawa. Wengi wanamwagia mchanga kwenye rangi mbichi, unashika kweli lakini unakwaruza magoti. Mimi namwaga sukari, rangi ikikauka unaiosha kwa maji ya moto inayeyuka, zinabaki tundu tundu zisizoteleza. Acha ukanda laini pembeni maji yapite. Na rangi ikishagusika usidhani imeiva, ipe kama wiki kabla hujapakia magunia ya simiti.