Nilivyookoa nyumba ya bibi Ujiji bila kuibomoa

Mwaka juzi mwezi wa tano nilienda Ujiji kumsalimia bibi, nikakuta ukuta wa upande wa magharibi umevimba kama tumbo, na usiku uleule kipande cha lipu kikubwa kama sinia kikadondoka karibu na kitanda chake. Kesho yake kikao cha familia. Baba mdogo alikua ashaleta fundi ashapiga hesabu ya tofali za kuchoma, milioni 19 na hapo bati bado. Kila mtu anasema bomoa. Bibi alinyamaza mpaka mwisho ndo akaniangalia mimi, akasema "mume wangu, wakinivunjia hii nyumba wanihamishe na kaburi la babu yenu kabisa." Basi nikaomba wanipe miezi mitatu ya kiangazi nijaribu.

Hiyo nyumba kwa wasioijua ni ile ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, baraza mbele na uani nyuma. Wazee wa kwetu wanasema ilisimama muda mfupi tu baada ya reli kufika Kigoma 1914. Ujiji wakati huo ilikua mji wa zamani tayari, Burton na Speke walifika pale 1858, na Livingstone alikutwa na Stanley palepale 1871, kwahiyo watu wa pwani na Wamanyema walishakua wanajenga nyumba za namna hii miaka mingi. Sio tembe kama lile la Kwihara kule Tabora alilokaa Livingstone 1872, lile kuta zake ni nene za udongo na katikati kuna uwanja. Ya kwetu ni ya miti.

Na hapo ndo nilipotakiwa kuanza kuelewa. Nilimkalisha bibi barazani anieleze baba yake aliijengaje, nikawa naandika. Nguzo za mkurungu zinachimbiwa chini mkono mmoja, juu zina panda, kwenye panda ndo unalala mtambaapanya, ile boriti ya juu ya ukuta, kuzunguka nyumba nzima. Katikati nguzo ndefu zinabeba mwamba, mti wa kileleni mwa paa, toka mwamba mpaka mtambaapanya yanashuka makombamoyo, miti ya mteremko wa paa, juu yake pau za kukatiza. Halafu ndo zinakuja fito, zinafungwa kwa kamba za gome la muyombo, nje na ndani ya nguzo, shubiri kwa shubiri, katikati wanajaza udongo na vijiwe halafu wanakandika. Yaani paa lote linakaa kwenye miti, udongo haubebi kitu, ni wa kuziba upepo na kutunza ubaridi tu. Nilipoelewa hilo nikaacha kuogopa lile tumbo la ukuta, nikaenda kutafuta nguzo.

Nilinunua tindo mbili nikaanza kutoa lipu ya saruji chini kuzunguka nyumba. Hiyo lipu ilipigwa miaka ya tisini, na sakafu ya saruji ikamwagwa mpaka ikakumbatia nguzo, watu wote walifanya hivo ndo ilikua maendeleo. Nyuma ya lipu udongo ulikua mbichi unashika mkononi, kiangazi hicho, na mchwa wamejenga barabara zao kati ya saruji na ukuta wamejificha raha mustarehe. Zamani unyevu ulikua unapanda kidogo toka chini na unakaukia kwenye udongo wenyewe, saruji ikaufungia ndani. Alafu kitu kingine, walipotoa nyasi kuweka bati walikata makombamoyo yakawa mafupi, maji ya mvua yote yanaangukia mguuni mwa ukuta.

Nguzo zilikua 31. Nilipiga moja moja kwa nyundo na kuchoma na kisu. Mbovu zilikua 9, na zote zimeoza toka ardhini mpaka kama magotini, juu ya hapo mkurungu ule kisu hakiingii kabisa, unalia kama chuma. Miaka mia! Nilimuita bibi aje ausikie mlio.

Mafundi ujenzi watatu walinikatalia, wanasema hawajui kuunga nguzo. Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi maboti wa Kibirizi, nilimfata nikamwambia shikamoo mzee, naomba uje uone. Akaja, akapapasa nguzo, akasema "mwanangu hii ni kama mbavu ya boti, unakata pabovu unaunga pazima, mbona kazi ndogo." Tulikua tunaweka miti miwili ya kuegemeza chini ya mtambaapanya, jeki ya lori inanyanyua kidogo sana, mpaka kabari inaingia kwa kugongwa mkono basi, ukizidisha unapasua ukuta wa juu. Anakata nguzo kwa mshazari, urefu wa mshazari mara tatu ya unene wa nguzo, anachonga mguu mpya wa mninga wenye moyo mwekundu, mti wa kununua wenye kibali na risiti, anaubana kwa bolti mbili. Nikimulika tochi pale kwenye maungio mwanga haupiti. Chini hatukuchimbia tena, tuliweka jiwe pana lililopanda shubiri moja juu ya ardhi, nguzo ikakaa juu ya jiwe, mwisho wake tumepaka oili chafu mara mbili. Nguzo moja siku mbili, na hatukugusa ya pili mpaka ya kwanza imekabidhiwa mzigo wake.

Udongo ndo ulinitesa. Mkono wa kwanza niliukandika mnene sana siku moja, ukapasuka nyufa za kuingia kidole, ikabidi nitoe wote upande mzima, wiki imepotea. Bibi akanielekeza: loweka na nyasi zilizokatwakatwa, kanyaga, acha siku saba unuke, ndo ujaze kidogo kidogo uache ukauke. Mkono wa mwisho ni udongo wa kichuguu uliochekechwa, mchanga na mavi ya ng'ombe, mwembamba, halafu chokaa. Saruji sikurudisha hata kijiko. Makombamoyo tuliyaunga vipande tukatoa bati nje nusu mita na kidogo, na mfereji wa mawe kuzunguka.

Jumla ilikua milioni 3 na laki 4, nusu ni mti na fundi. Baba mdogo alikuja kuangalia mwezi wa tisa, akazunguka nyumba mara mbili hasemi kitu, mwisho akaniuliza kama huyo mzee wa Kibirizi anaweza kuja na kwake.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja, nzito. Mwezi wa nne nilirudi, nikapiga magoti upande wa magharibi nikapitisha mkono nyuma ya jiwe la nguzo ya tano, ile iliyokua mbovu kuliko zote. Vumbi kavu. Bibi alikua chumbani kwake kahamishia kitanda palepale ukutani, anasema pana ubaridi mzuri mchana.