Kabla ya kusaini kontra ya kazi, omba buletini ya mshahara

Ukiitwa kazini na kampuni ya sutretansi (zinazofanya kazi za kampuni kubwa kwa mkataba) hapa Lubumbashi, zile zinazopeleka watu kwenye migodi ya Likasi na Kolwezi, nyumbani kila mtu atauliza: dola ngapi? Swali zuri zaidi ni hili: dola hizo zitaandikwa wapi?

Tafuta mtu anayefanya kazi mule ndani. Si lazima awe mkubwa. Dereva au mlinzi anatosha. Mwombe akuoneshe buletini yake ya mwezi uliopita, jina alifunike kwa kidole kama anaogopa. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mfanyakazi anakatwa 5%, mwajiri anatoa 13% juu yake. Kwa mshahara wa dola 600, wewe unakatwa 30, kampuni inalipa 78. Mchezo unaojulikana ni kuandika 200 kwenye karatasi, zile 400 zinapita kwenye bahasha. Basi CNSS inapata 10 zako na 26 zao. Mwisho wa mwezi utafurahi, kwa sababu mfukoni zimebaki nyingi kidogo. Siku ukivunjika mguu mgodini, hesabu itafanywa juu ya 200. Pensheni vilevile. Na ukienda kulalamika kwamba bahasha haijaja, utaonesha karatasi gani?

Posho ya nyumba na ya usafiri haiingii kwenye hesabu ya CNSS, na hilo ni halali. Lakini "nyumba" ikiwa mara mbili ya mshahara wa msingi, hakuna nyumba hapo.

Uliza pia esé, yaani kipindi cha majaribio, inachukua muda gani. Sheria ya kazi ya 2002 inataka iandikwe, na isipite miezi 6. Kwa kibarua asiye na ufundi ni mwezi 1 tu. Kwa wanaolipwa kwa siku, ukishafikisha siku 22 ndani ya miezi 2 na wakakuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra inahesabiwa kuwa haina mwisho. Kwa hiyo ukisikia kampuni inarudisha watu nyumbani siku ya 21, ujue ofisini kuna mtu mwenye kalenda.

Namba za RCCM (rejesta ya biashara) na za kodi ziwe juu ya karatasi. Hilo ni la dakika moja. Kinachosumbua zaidi ni mwenye kampuni. Sheria ya 2017 inataka sutretansi iwe mikononi mwa Wakongomani, kwa hiyo wengine hukodisha jina la Mkongomani. Uliza wafanyakazi ni nani anayeamua malipo yakichelewa. Wakitaja mtu asiyeonekana kwenye karatasi yoyote, umeshajibiwa.

Anayekuomba "pesa ya dosye" ili jina lako lipite, mwache hapo hapo, hata akiwa ndugu.

Njaa nayo ina haki yake. Ukikubali kazi ya bahasha kwa sababu watoto wanangoja, piga picha ya kila ukurasa kabla ya kurudisha kalamu, na kila mwezi andika tarehe na kiasi ulichopokea kwenye daftari moja usiloliacha kazini.