Ramani ya Ghuba ya Mikindani: safu ya uwezo wa kuhimili imekaa sawa

Hatimaye! Ramani yangu inaonyesha kaya zipi zinaumizwa zaidi na mabadiliko ya tabianchi. Kanuni ya 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, hutazama mambo matatu: kaya inavyofikiwa na badiliko, wepesi wake wa kuumia, na uwezo wake wa kuhimili. Mbili za kwanza hazikunisumbua. Ya tatu ilininyima usingizi, kwa sababu kila nilipochora ramani, kaya za ufukweni zilitoka kijani, yaani zenye uwezo zaidi, kuliko za wakulima wa korosho.

Chanzo ni kipimo kinachotumiwa kila mahali: hesabu shughuli za kipato, zikiwa nyingi kaya ina nguvu. Sasa kaya ya pwani ina mwani, pweza, chaza, madema na dagaa. Shughuli tano, bahari moja! Akina mama wa mwani wamelieleza hili wazi: maji yakipata moto msimu wa kaskazi, mwani unaoza kambani, na kipato cha kuuziba hutafutwa kwenye mwamba uleule. Joto la 1998 liliua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi magharibi, pwani yetu ikiwemo.

Kwa hiyo nimeacha kuhesabu shughuli. Kila moja naipambanisha na kila janga: joto la maji, kimbunga, ukame, bahari kula ufukwe. Kisha nauliza ipi inabaki imesimama. Kaya inapewa alama ya janga linaloiumiza zaidi. Wastani siutaki tena kabisa, unaficha maumivu. Mwenye mikorosho na dema moja sasa yuko juu ya mwenye shughuli tano za baharini, na ndivyo maisha yalivyo. Safu ya kimbunga nayo si ya kufikirika: Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma.

Kwa vifaa, QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, inatosha, msilipie nyingine. Kobo, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafanya kazi hata pasipo mtandao. Setilaiti ya Sentinel-2 ndiyo inayokera: kwenye picha zake, pikseli ya mita 10 inameza mikoko myembamba ya kingoni mwa vijito.

Mikoko ndiyo ilikuwa zamu yake sasa, ila naiweka kando, nirudi kwenye mwani. Aina ya kottonii hufa upesi kwenye joto kuliko aina ya spinosamu, na ndiyo yenye bei nzuri. Nataka kujua maji yanafika nyuzi ngapi yanapokupwa. Natafuta vipimajoto vidogo vinavyojirekodi, vya kufunga kwenye kamba, kimoja kina kifupi na kingine kina kirefu, kabla kaskazi haijaanza. Aliyewahi kuvikinga na chumvi anielekeze.