Herufi S ya Babu

Juzi wakala wa laini hapa Igogo, Mwanza, alihangaika na dole gumba la shangazi. Alilipangusa, akalikandamiza kwenye kile kimashine chake, wapi. "Mama, alama zako zimefutika," akasema. Shangazi akacheka. Mimi nikalikumbuka sanduku.

Tulilifungua baada ya kuanua matanga ya bibi. Habari za babu tulizokuwa nazo zilikuwa mbili tu: alivuka kutoka Ukerewe akiwa kijana, na alifanya kazi reli. Ndani mlikuwa na vifungo vya shaba vya koti vyenye herufi EAR&H, za shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, kadi ya NUTA, chama cha wafanyakazi cha enzi hizo, na furushi la hati za mshahara lililofungwa kwa uzi wa katani.

Nikazitandaza mkekani kwa kufuata miaka. Zile ambazo tarehe zake zimefifia nilizipanga kwa kichwa cha karatasi. Hadi 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja. Zilipotenganishwa, meli za ziwani zikabaki upande wa reli. Kwa hiyo babu, mpakiaji wa marobota ya pamba pale Mwanza Kusini, aliendelea na kazi ileile, ila neno "Harbours", yaani bandari, likatoweka juu ya hati zake.

Chini ya kila hati, dole gumba. Wino wa zambarau, mistari ya ngozi inaonekana mmoja mmoja, na kovu limekatiza katikati. Nilifunua polepole. Dole, dole, dole. Niliweka la kwangu juu ya lake; la kwake lilikuwa pana, likanizidi pande zote. Sikumkuta babu duniani, na pale mkekani ndipo nilipomgusa. Halafu, kwenye hati ya 1971, hapakuwa na dole. Palikuwa na jina. Kalamu ilikandamizwa mpaka maandishi yakatokeza nyuma ya karatasi. Herufi zimeachana, na ile S inayoanza jina lake la ubatizo imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo.

"Kisomo hicho," baba akasema akiwa mlangoni. Niliona ana hoja. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hapa Mwanza tayari kulikuwa na mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO.

Shangazi aliichukua ile hati akaenda nayo dirishani. Alikaa kimya muda.

"S hii ni yangu," akasema. "Nilikuwa darasa la pili, mwalimu alikuwa akinichapa kwa kuigeuza. Usiku baba ananiita kwenye kibatari: niandikie jina langu. Naandika juu, yeye anafuata chini. Akanikataza nisimwambie mtu."

Baada ya hapo niliandika barua kuomba jalada lake la kazi, na sikujibiwa. Daftari la ukoo ninalolitunza lina mstari wa elimu ya babu, na nimeuacha wazi. Labda alianza kwa binti yake akamalizia darasani. Labda darasani hakufika kabisa. Baba mpaka leo anasema ni kisomo, na shangazi, akiwa amekaa hapohapo, hambishii.