Chupa hii ni ya nani?

Kila kundi la wanafunzi wa uzamili likimaliza, mimi narithi. Siachiwi pesa, naachiwa chupa. Moja ina plasta iliyoandikwa "USIGUSE", nyingine ina herufi mbili za jina la mtu, nyingine lebo imeshaliwa na asidi hata haisomeki. Mwenyewe keshapata kazi Dodoma na simu hapokei. Ukimuuliza msimamizi wake, anakuambia, "Muulize Mama Maabara." Mama Maabara ndiye mimi, fundi wa maabara ya kemia.

Mwaka jana, nyuma kabisa ya rafu ya chini, nilikuta chupa ya kahawia ya daiethili etha, kimiminika cha kuyeyushia kemikali nyingine, iliyobaki robo. Tarehe ya kufunguliwa haikuandikwa. Kwa msio wa fani: etha ikishafunguliwa hukutana na oksijeni ya hewani na kutengeneza polepole peroksaidi, yaani kemikali zinazolipuka kirahisi. Etha yenyewe huvukiza haraka, peroksaidi zinabaki chini, kwa hiyo kadiri chupa inavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa hatari. Zikifikia kuganda kwenye mdomo wa chupa, hata kuzungusha kifuniko kunaweza kuilipua. Ndiyo maana tarehe huandikwa siku ileile ya kufungua, na chupa haiachwi ikae miaka.

Nilimulika tochi kwa mbali. Pembeni ya kifuniko palikuwa na utando mweupe, kama chumvi iliyokaukia. Nikawatoa waliokuwa ndani, nikafunga mlango, nikaanza kupiga simu. Simu zilipigwa nyingi siku hiyo, na msidhani zote zilihusu namna ya kuitoa. Nyingi zilikuwa za kuulizana chupa ni ya nani. Mpaka wataalamu wa milipuko wanakuja kuichukua, hakuna aliyekuwa amekubali kuwa ni yake.

Mimi jibu ninalo: ni ya profesa. Yeye ndiye aliyeandika andiko la utafiti, akapewa fedha, akachagua njia ya kutengeneza hicho anachokitafuta. Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye jina langu chini ya maneno "Msimamizi wa Usalama", lakini mimi siamui jaribio lipi lifanyike, siamui fedha ngapi ziende kwenye glavu na miwani, wala si mimi ninayemwambia kijana kuwa matokeo yanatakiwa Ijumaa. Jukumu lisilo na mamlaka ni mapambo ya mlango.

Watu wakinibishia huwa nawasimulia ya Los Angeles. Tarehe 29 Desemba 2008, Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 pale UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), alikuwa anavuta tert-butili lithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Kitu hicho kikigusa hewa kinawaka chenyewe. Mchi wa bomba ukachomoka. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alivaa sweta la nyuzi za kutengenezwa kiwandani, likashika moto. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Kilichonikaa kichwani zaidi ni kwamba ukaguzi wa chuo chenyewe, miezi miwili kabla, ulikuwa umeshakuta watu wa maabara ileile wanafanya kazi bila makoti. Karatasi ilikuwepo. Koti halikuwepo.

Waendesha mashtaka wa California wakamfungulia kesi ya jinai profesa, Patrick Harran. Mwaka 2014 ikamalizwa kwa makubaliano: dola 10,000 kwa kituo cha matibabu ya majeraha ya moto, na saa 800 za kazi za kijamii. Kwangu mimi ni kidogo mno. Lakini angalau swali la nani anawajibika liliulizwa mahakamani, na aliyeulizwa hakuwa fundi. Halafu tazameni hili: mashtaka yalisimama kwa sababu Sangji alikuwa mwajiriwa, kwani sheria iliyotumika ilikuwa ya kazi. Angekuwa mwanafunzi tu, mambo yangekuwa mengine. Na maabara zetu zimejaa nani kama si wanafunzi?

Kwetu Tanzania sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kemikali zilizochakaa hazimwagwi kwenye sinki kama maji ya mchele. Ila sheria haimfuati mwanafunzi Dodoma.

Kwa hiyo nikashika nilichonacho, yaani saini yangu kwenye fomu ya kliaransi, ile ambayo mwanafunzi hahitimu bila kusainiwa. Siku hizi sisaini mpaka rafu ya mwanafunzi iwe tupu, au msimamizi wake aandike kwenye daftari langu kuwa chupa zilizobaki amezipokea yeye. Profesa mmoja alinishtaki kwa mkuu wa idara kuwa nachelewesha mahafali ya watu. Mkuu akaniita, akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, akalisukuma upande wa profesa pamoja na kalamu. Profesa akasaini. Tulipotoka akaniuliza, kwa adabu kabisa, sasa hizi chupa zinatupwaje. Nikamwambia, "Prof., barua ya kuomba kibali cha kuzitupa huandikwa na mwenye mali. Namna ya kuiandika nitakuelekeza."